Jumamosi Niliyoichagua Mwenyewe

Jumatatu, 27 Oktoba 2025

Asante Mungu kwa Liz. Liz ni katibu wa Mkuu wa Kitivo chetu cha Sayansi na Hisabati, na akishakunywa chai yangu hunieleza mambo ambayo hata Mkuu mwenyewe hajaambiwa. Leo ameniambia kura za wanafunzi zimeshahesabiwa. Mhadhiri Bora wa Mwaka: wa kwanza ni Daktari Cephas Osoro wa Fizikia. Wa pili ni Mwalimu Cliff Mniko wa Hisabati. Huyo wa pili ndiye mimi.

Wa pili! Nimefundisha hapa Homa Bay tangu chuo hiki kikiwa na madarasa ya mabati. Nimewafundisha kalkulasi watoto waliokuja wakiogopa hata kugawanya. Na sijawahi kumsikia mtu akisimama mbele ya watu akasema, asante Mniko. Hata siku moja. Wanafunzi wakitoka kwenye mtihani wangu huondoka wameshika vichwa. Mimi sitaki cheo wala gari. Nataka mtu ataje jina langu kwenye maikrofoni, watu wapige makofi, na mama yangu awe amekaa mstari wa mbele akisikia. Basi, ni hilo tu.

Osoro tuzo anazo ukutani tayari. Osoro anaitwa Daktari. Osoro huwaletea wanafunzi avokado kutoka shambani kwake, kisha wanasema ati anaeleza vizuri. Mtu akishakula avokado yako ataelewa hata mwanga unavyopinda.

Nimemuuliza Liz kama kuna njia. Akasema njia hakuna, labda Osoro asifike siku yenyewe. Sheria iko: asiyekuwepo hapokei, tuzo inaenda kwa anayemfuata. Sheria hiyo iliwekwa baada ya mshindi mmoja kumtuma shemeji yake, na shemeji aliposhika maikrofoni akatangaza kwamba anagombea udiwani. Sheria nzuri sana. Nimemwongezea Liz mandazi.

Jumatano, 29 Oktoba

Kikao cha kamati ya sherehe. Mimi ni mwanakamati, nasimamia viti na mahema. Ilikuwa sherehe ifanyike Alhamisi wiki ijayo. Nikiwa nimekaa pale, wazo likanijia lenyewe, sikulitafuta.

Osoro ni Msabato. Si Msabato wa jina tu, ni mzee wa kanisa. Jua likitua Ijumaa mpaka litue Jumamosi, huyo mtu hashiki kazi, hapokei simu, haendi popote ila kanisani. Hata maabara ikiungua atawaombea wazimamoto.

Nikaomba nafasi. Nikasema kwa sauti ya huruma kwamba wazazi wengi katikati ya wiki wako sokoni, wengine wanaanika dagaa wa omena, wengine wako shambani, na mzazi wa mwanasayansi naye ni mzazi. Nikapendekeza Jumamosi tarehe nane, saa nne asubuhi. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akauliza, na Wasabato je? Nikajibu kwamba sherehe yenyewe ni ya shukrani, na shukrani haichagui siku. Mkuu wa Kitivo ni Mkatoliki kama mimi, na tena alikuwa na njaa. Akapitisha.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Mke wangu Nyangi akaniuliza kuna nini. Nikamwambia nawawazia wazazi. Akaniangalia vile anavyoangalia maziwa yakikaribia kufurika.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimempelekea Osoro habari mimi mwenyewe. Nilitarajia hasira, na majibu nilikuwa nimeyaandaa tangu jana. Akasema Sabato ni Sabato, Mwalimu, na tuzo ni ya wanadamu, apewe atakayekuwepo. Kisha akanishukuru kwa kuja kumwambia ana kwa ana badala ya kumwachia asome kwenye ubao wa matangazo. Akanipa avokado mbili, zimeiva vizuri.

Haya ndiyo mambo yanayonikera kwa Osoro. Ukimchimbia shimo anakushukuru kwa kulima.

Avokado nimezila na chumvi, zote mbili. Lazima niseme zilikuwa tamu.

Nimempigia mama simu, yuko Ogwedhi. Mama hununua na kuuza mbuzi pale sokoni, na wanunuzi wanaotoka Narok wote wanamjua kwa kubishana bei. Nikamwambia Jumamosi ijayo mwanawe ataheshimiwa mbele za watu. Akauliza ni heshima gani. Nikamwambia yeye avae tu kitenge kizuri. Akasema basi atakuja na beberu, maana mtu haji kwenye heshima ya mwanawe akining'iniza mikono.

Jumapili, 2 Novemba

Kumetokea jambo. Orpah amekuja nyumbani leo baada ya chakula cha mchana.

Orpah ni mwanafunzi wangu wa hisabati, mwaka wa nne. Hakuna wa kumfikia katika kitivo kizima. Kila mtu anajua Tuzo ya Mwanafunzi Bora ni yake, na anayeipata hulipiwa masomo ya shahada ya pili mpaka mwisho. Kwao ni Migori, mama yake anauza omena, na bila tuzo hiyo shahada ya pili ataisikia kwa watu. Alisimama mlangoni, akakataa kukaa. Akasema, Mwalimu, nimekuja nikuambie mapema ili usinitafute Jumamosi. Yeye ni Msabato, na baba yake ni shemasi. Hatakuja.

Nikamuuliza anayemfuata ni nani. Akasema ni yule kijana anayenakili kazi zake.

Moyo uliniuma, kweli uliniuma. Sikuwa nimemfikiria Orpah. Nilimweka Osoro upande mmoja wa mlinganyo nikawafuta wengine wote, na mimi ndiye ninayewakata wanafunzi alama kwa kosa hilo hilo. Nikamwambia nitaona la kufanya. Akasema asante Mwalimu, najua utaona. Alivyosema "najua" ndivyo vilivyonichoma.

Nyangi alikuwa kando akichambua maharagwe. Orpah alipoondoka, akaniuliza nani alipendekeza Jumamosi. Nikasema ni kamati. Akauliza kamati ni nani. Nikamwambia naenda kuangalia kuku. Sisi hatufugi kuku.

Jumanne, 4 Novemba

Nimejaribu kumsaidia Orpah bila kumsaidia Osoro. Nilikwenda kwa Mkuu nikapendekeza kwamba mwanafunzi atakayekosa kwa sababu ya dini apokee tuzo yake Jumatatu inayofuata. Lakini mhadhiri, kwa kuwa ni mtu mzima, sheria imkamate vile vile. Mkuu akavua miwani. Akasema sheria ni moja, akiilegeza kwa wanafunzi atailegeza na kwa wahadhiri, je, nilikuwa nataka ailegeze?

Nafasi ya kusema ndiyo ilikuwepo. Ilikaa pale mezani ikiningoja. Nikasema basi sheria isimame.

Nimetoka pale nikijichukia, ingawa si sana, kwa sababu mlangoni nilipata habari nyingine. Mgeni wa heshima ni Profesa Owuondo, mwanahisabati mstaafu, mzaliwa wa Nyatike, anayeishi Nairobi tangu zamani. Ijumaa atalala Migori kwa binamu yake, na anatakiwa mtu wa kumchukua Jumamosi asubuhi amlete Homa Bay. Nikainua mkono kabla Mkuu hajamaliza sentensi. Mgeni wa heshima ndiye mwenye hotuba kuu. Mtu ukikaa naye garini, ukamlisha vizuri, hawezi kusahau kukutaja. Tuzo mkono huu, sifa mkono huu.

Kuna tatizo moja. Gari langu liko kwa fundi tangu Agosti, na fundi mwenyewe amehamia Kisii.

Alhamisi, 6 Novemba

Osoro ameniazima gari lake.

Sikumwomba. Alisikia nina safari, akaja na funguo. Akasema siku ya Sabato huenda kanisani kwa miguu, gari litakaa bure. Ameliosha. Amelijaza mafuta. Akanionyesha na gurudumu la akiba lilipo, na jinsi ya kuufunga mlango wa nyuma ambao una tabia yake. Nikamwambia Mungu akubariki, Daktari, na nilimaanisha.

Kwa hiyo nitachukua tuzo ya mtu kwa kutumia gari la mtu huyo huyo. Nikiliandika linaonekana vibaya. Lakini ni gari zuri, halina kelele.

Nimemwona Orpah kwenye varanda akiwaeleza wa mwaka wa kwanza hesabu. Nikapitia nyuma ya choo.

Jumamosi, 8 Novemba, alfajiri

Nimevaa suti ya harusi. Inafunga nisipovuta pumzi. Viti vimepangwa ukumbini, mahema ya chakula yamesimama nje. Hotuba ya kupokea tuzo iko mfukoni, inaanza na maneno "Sikutarajia."

Mpango: kumchukua Profesa Migori, kumpitisha Sori kwa kiamsha kinywa cha samaki, kisha Ndhiwa, Rodi, Homa Bay. Tutachelewa kidogo, lakini mgeni wa heshima akifika saa kamili watu watadhani hana kazi. Adhuhuri tuzo itakuwa mikononi mwangu. Osoro atakuwa kanisani anaimba. Asante Mungu kwa siku hii.

Jumapili, 9 Novemba

Jana sikuweza kuandika tena. Wacha nieleze kwa utaratibu.

Profesa nilimkuta tayari, mzee mwembamba mwenye kofia na fimbo. Nilipotaja ngege wa Sori, samaki aliyetoka ziwani asubuhi hiyo hiyo, mzee akafumba macho. Akasema Nairobi anakula samaki wa friji miaka yote. Akanishika mkono, akasema mimi ni mtu mzuri. Nikaisikia hotuba yake ikijiandika yenyewe.

Sori tukakaangiwa ngege mzima kila mmoja, na ugali. Nikaanza kumweleza Profesa kazi zangu. Yeye akaanza kunieleza nambari tasa, zile zisizogawanyika, ambazo amezipenda tangu utotoni. Saa nne ikatukuta tukinyonya vichwa vya samaki. Mkuu akapiga simu, nikamwambia tuko njiani. Haukuwa uongo, barabara tulikuwa tunaiona.

Tulipoinuka, mama mwenye hoteli akamtazama Profesa vizuri. Akamuuliza kama yeye si mtoto wa yule mwalimu wa zamani. Akasema waya yake, yaani shangazi, dada ya baba, bado yu hai hapo juu tu, na kila anayepita humuuliza kama yule mtoto wa kaka yake alifia Nairobi.

Hapo nikajua nimepotea. Mjaluo hawezi kupita lango la waya yake bila kuingia. Akipita, maneno yatamfuata mpaka kaburini, na pale kaburini kuna mtu atayarudia. Profesa akasema dakika tano tu, Mwalimu.

Waya ni mkongwe na hasikii vizuri. Alilia, akasali, akaimba, akalia tena. Kisha akaagiza kuku akamatwe. Nikanong'ona kwamba tumeshakula. Profesa akanionea huruma, akanieleza kwamba mtu hatoki kwa waya na shibe ya mahali pengine. Kuku mwenyewe alikuwa jogoo na alikuwa na mbio. Nikavua koti nikamfukuza mimi mwenyewe ili muda usipotee. Nilipoinama kumshika, kifungo cha suruali kikaenda zake, na jogoo pia. Alikamatwa baadaye na bibi kizee mwingine, ambaye hata hakuinuka alipoketi.

Jogoo wa kienyeji haivi kwa amri. Waya anapika kwa kuni, na hataki mtu afunue sufuria. Mkuu alinipigia simu mpaka betri yangu ikaisha, nikashukuru. Tuliondoka jua likiwa limeinama, Profesa akalala mpaka Rodi.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Nilidhani nitakuta viti vitupu, lakini wapi. Wazazi walikuwa wametoka mbali na hawakuwa tayari kurudi bila kumwona mtoto wao akipewa cheti. Walikuwa wamemaliza wali wote. Kwaya ya chuo ilikuwa imeimba nyimbo zake zote na sasa inazirudia kwa sauti kubwa zaidi. Mama alikuwa ukumbini mstari wa mbele na kitenge cha manjano, beberu amefungwa nje kwenye nguzo ya hema langu, anakula mapambo. Mkuu aliniangalia tu. Kisha akaiangalia saa yake.

Nikamkimbilia mfawidhi wa sherehe, nikamwomba aanze na Mhadhiri Bora. Mwanga bado ulikuwepo. Akasema hakuna shida Mwalimu, tukimaliza itifaki.

Itifaki. Kwanza sala. Kisha Mkuu akawatambua wageni, na kila aliyetambuliwa akapewa maikrofoni awasalimie watu kidogo. Katika nchi hii hakuna mtu aliyewahi kusalimia kidogo. Chifu akasalimia. Mwakilishi wa wazazi akasalimia kwa Kidholuo, akarudia kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kiingereza. Kisha Profesa akasema kwa kuwa ndiye aliyewaweka watu wakingoja, aseme neno lake mwanzo badala ya mwisho. Neno lake lilikuwa nambari tasa. Jina langu halikutajwa. Waya alitajwa, na jogoo.

Mimi macho yangu yalikuwa dirishani. Jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa, nami nalisukuma juu kwa macho. Halikusukumika. Likatua, na Profesa naye akamaliza.

Mfawidhi akatangaza Mhadhiri Bora wa Mwaka. Nikashika suruali kwa mkono wa kushoto, nikaanza kuinuka. Ndipo mlango ukafunguliwa.

Osoro. Suti ya kanisani, Biblia kwapani. Nyuma yake Orpah, baba yake shemasi, na nusu ya kwaya ya Wasabato. Kanisa lao liko ng'ambo ya barabara. Walikuwa wamesikia nyimbo zetu mchana kutwa, wakajua sherehe haijaanza. Jua lilipotua wakafunga Sabato yao kwa wimbo na sala, wakavuka barabara.

Jina la Osoro likasomwa. Akapanda jukwaani. Aliyosema nimeyashika neno kwa neno, maana sijawahi kusikia kitu kama hicho na sidhani nitasikia tena.

Alisema tuzo hii alikuwa ameshaiacha. Alisema leo, akiwa amekaa kanisani, alijiuliza imekuwaje sherehe ya asubuhi haijaanza mpaka jioni, na ndipo akaelewa. Mwalimu Mniko ndiye aliyejitolea kumleta mgeni. Mwalimu Mniko, mtu asiyechelewa darasani hata mvua ikinyesha mawe, amemchelewesha mgeni wa heshima mchana mzima mpaka Sabato ikaisha, ili ndugu zake Wasabato wasinyimwe kilicho chao. Hakugombana na kamati. Hakujisifu. Alikubali kulaumiwa na Mkuu peke yake. Kisha akanigeukia pale nilipokuwa nimeinuka nusu, akasema, "Asante, Mniko."

Kwenye maikrofoni.

Ukumbi mzima ukasimama. Mkuu alijishika kichwa, kisha akapiga makofi kuliko wote. Liz aliniangalia huku anauma midomo. Nyangi aliinamisha uso, mabega yakawa yanatikisika, na wamama waliokuwa karibu naye wakampa kitambaa wakidhani analia. Mama akapiga vigelegele mpaka mwisho, akiamini nimeshinda. Nilipomweleza baadaye kwamba mshindi ni yule mwingine, akasema anayemsifu mwanangu naye ni mwanangu. Akamfungua beberu akampa Osoro. Beberu aliyeletwa kwa ajili yangu.

Nilitaka kusema ukweli. Niliufungua mdomo kabisa. Watu wakadhani nimezidiwa na unyenyekevu, wakapiga makofi zaidi, nikaufunga.

Sasa sehemu hii naiandika polepole.

Orpah alipoitwa kuchukua Tuzo ya Mwanafunzi Bora, hakusema lolote kuhusu Sabato. Alisema mwaka wa kwanza alianguka kalkulasi, akafunga mizigo arudi kwao kuuza omena. Langoni akakutana na Mwalimu Mniko. Mwalimu hakumuuliza anaenda wapi. Alimuuliza ni swali lipi limemshinda. Wakakaa juu ya sanduku lake, Mwalimu akalichora lile swali mchangani kwa kijiti, akalifuta, akalichora tena, mpaka likaeleweka. Kisha akabeba lile sanduku mpaka bwenini, akaenda zake bila hata kuaga. Orpah akasema hajawahi kusema asante kwa sababu alifikiri Mwalimu anapenda hesabu tu, hapendi watu. Akasema leo ameona sivyo, na anasema asante.

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa. Nilichokuwa nakumbuka ni kwamba siku moja nilibeba sanduku zito la mtu.

Nililia mbele ya watu wote, kama mtoto, nimejifunika uso kwa mikono yote miwili. Nyangi akaja mbio kunishika suruali kwa nyuma.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimerudisha gari kwa Osoro. Nilikwenda nimeamua kumwambia ukweli wote, na njiani nilikuwa nayarudia maneno. Akanikumbatia mlangoni kabla sijafungua mdomo. Mkewe akaleta chai. Watoto wake wakasimama kwa mstari wakaniimbia wimbo walionitungia, wenye ubeti wa jogoo. Sasa hapo mtu anaanzia wapi?

Halafu akaniambia jambo. Mwaka ujao hatagombea. Atawaambia wanafunzi waziwazi kwamba kura ni za Mniko, nao humsikia. Akasema mimi sina haja ya kufanya chochote, nikae tu. Akanifungia mguu mzima wa beberu nipelekee familia.

Nimeshukuru mpaka chai ikapoa. Osoro ni mtu mwema sana, mimi nimekuwa nikisema hivyo siku zote.

Na Mkuu wa Kitivo ameniita. Kwa sababu ya moyo wangu kwa watu wa kila dini, mwaka ujao mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Orpah naye amekuja ofisini kuaga, barua yake ya shahada ya pili imeshatiwa sahihi. Ameniletea omena kutoka kwa mama yake. Wiki hii nimepewa vitu na kila mtu niliyemkosea, na sijui niwashukuru vipi.

Ijumaa, 14 Novemba

Nikae tu. Maneno rahisi hayo.

Leo Liz amekunywa chai yangu. Anasema wanafunzi wa Botania sasa wanamtaja sana Mogire, yule kijana aliyeajiriwa Januari, anayewapeleka ziwani kusoma magugu na kuwarudisha wakicheka. Bila Osoro, anasema, Mogire ndiye wa kuangaliwa. Mogire! Soksi zangu zimemzidi umri.

Nimechunguza. Mogire ni Mkatoliki. Kila Jumapili ndiye anayepiga kinanda kwenye misa ya saa nne, na parokia nzima hakuna mwingine anayekijua. Na mwenyekiti ndiye anayependekeza tarehe. Nimechukua kalenda ya mwaka ujao nikatia alama: Jumapili moja ya Novemba, saa nne asubuhi. Nitawaambia kamati ni kwa ajili ya ndugu zetu Wasabato, wasiteseke tena. Watafuta machozi.

Nimemweleza Nyangi. Akaweka sufuria chini. Akaniuliza Jumapili saa nne mimi huwa wapi. Nikamwambia kanisani. Akauliza nafanya nini huko. Nikamwambia nasoma somo la kwanza, kwani hajui? Akarudi kwenye sufuria yake.

Nyangi huona matatizo pasipo na tatizo. Kesho naenda kumwomba Padre siku hiyo aisogeze misa iwe saa moja asubuhi, ili niiwahi sherehe. Padre ni mtu wa kuelewa, hawezi kukataa.